Panya Wenye Presha

Hakuwa daktari, hakuwa mwalimu, hakuwa mganga, na ukimwita mojawapo ya hayo alikukatiza papo hapo. "Mimi nilikuwa maabara," alisema, hivyo hivyo, utadhani maabara ni ukoo. Basi na sisi tukamwita Bwana Maabara, na jina lake la ubatizo likabaki kanisani kwenye kitabu, halina kazi. Ni jirani yetu huku juu Mbulu, ua kwa ua, tangu alipostaafu kazi ya chuo huko mbali akarudi kulima vitunguu swaumu kama sisi wengine. Mama yangu aliacha vidonge vya presha kwa sababu yake, na akavirudia kwa sababu yake, na katikati hapo nusura nimzike mama. Ndiyo maana nikimsimulia huyu mzee nacheka na kusonya kwa pamoja.

Yupo hai, msije mkafikiri namlilia. Ila amebadilika kidogo, na huyu ninayemsimulia hapa ni yule wa kwanza.

Usafi wake ulikuwa ugonjwa. Kunawa mikono kwake si kunawa, ni kuoga nusu. Alianzia kwenye vidole, akapanda mpaka kwenye viwiko, akarudi chini, akasimama mikono juu ikichuruzika maji, watu wazima wameshika matonge wanamsubiri. Siku ya ubatizo wa mwanangu alinawa hivyo mpaka pilau ikapoa. Mama akamwambia, "Maabara, sisi tunakula wali, hatumpasui mtu." Alicheka, akaketi, akala kuliko wote.

Na lebo! Nyumbani kwake kila kitu kilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SUKARI, CHUMVI, MAJI YALIYOCHEMSHWA, MAJI BADO. Kuku wake walifungwa nyuzi miguuni, wa bluu ni wa mayai, wa nyekundu ni wa kuchinja, na mkewe akihitaji kitoweo alibadilisha uzi tu, mzee asijue. Mkewe alikuwa mpole, lakini hakuwa mjinga.

Kazi yake huko chuoni ilikuwa kutunza panya. Si panya hawa wetu wa ghalani, hapana, panya weupe, macho mekundu, wanaolishwa kwa mizani. Alikaa nao miaka mingi mpaka akawapenda. Aliporudi huku akawa hawezi kuua panya hata wa mahindi. Alifuga paka, sawa, lakini alimjaza maziwa mpaka paka akanenepa akawa analala juu ya magunia huku panya wakipita mbele yake. Mama alisema huyo paka ameajiriwa serikalini.

Sasa hadithi ya panya wenye presha. Hakuna mtu wa upande wetu asiyeijua. Aliisimulia msibani, aliisimulia kwenye jumuiya, aliisimulia shambani tukiwa tumeinama tunapanda punje za vitunguu na hatuna pa kukimbilia. Wasomi wa chuo walichukua panya wakawapa chumvi nyingi na chakula cha mafuta mpaka presha ikawapanda. Halafu wakasaga vitunguu swaumu, wakaviloweka, wakachuja, na yale maji yake wakawanywesha panya kwa sindano butu iliyopinda, kila mmoja kwa kipimo chake. Baada ya majuma kadhaa wakapima damu. Mafuta yale mabaya, ambayo wasomi wanayaita kolestro, yalikuwa yameshuka.

Lakini yeye hakusema "wakapima." Alisema "tukapima." Tuliwapa chumvi, tulisaga, tulipima, tuliona yameshuka. Hiyo "tu" yake ilikuwa tamu mdomoni mwake kuliko asali, na sisi hatukuitilia shaka, maana ni nani angeuliza? Mtu mwenyewe mikono yake misafi namna ile.

Watu walipenda zaidi habari ya mkia. "Panya hapimwi presha mkononi," alisema, "anapimwa mkiani. Kuna kamkanda kadogo hivi, unakavisha kwenye mkia." Hapo wanawake walikuwa wanaangushana kwa kicheko. Baadaye Mama alipokwenda zahanati alimwambia nesi ashukuru Mungu binadamu hana mkia, foleni ingekuwa aibu tupu.

Si kila mtu aliikubali hadithi. Siku moja tulishuka naye mnadani Mogitu kuuza vitunguu, akakutana na mzee mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa ametoka Balangdalalu na ng'ombe. Bwana Maabara, kama kawaida yake, akaanza: panya, mafuta kwenye damu, yalivyoshuka. Yule mzee akasikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo yake.

"Huyo panya alikuwa amenona?" akauliza.

"Amenona sana."

"Ukampa dawa akakonda?"

"Hakukonda, mafuta ya ndani ya damu ndiyo yalipungua."

Mzee akamtazama kwa huruma kabisa. "Kwetu mnyama aliyekonda ndiye anapewa dawa. Wewe unampa aliyenona. Sasa ng'ombe wangu huyu nimkondeshe ndiyo nimlete mnadani?"

Hapo ndipo nilipompenda Bwana Maabara, maana hakukasirika. Alicheka mpaka akatoa leso. Halafu wakaenda wote wawili kula nyama choma, na yeye, mtu wa kolestro, akaagiza mkia wa kondoo, ule wenye mafuta yanayochuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikamuuliza, mzee, na mafuta mabaya? Akasema, "Binti yangu, ndiyo maana natafuna kitunguu asubuhi. Natanguliza askari." Kweli kila asubuhi alitafuna punje tatu mbichi, halafu akaja uani kwetu kumwamkia Mama. Mama anamzidi miaka michache tu, lakini shikamoo yake haikukosekana hata siku moja, na ilimfikia Mama ikiwa na harufu.

Alikuwa na msemo: "Usiseme umeona kama hukupima." Alituudhi nao. Mtu akisema mvua ya mwaka huu ni kubwa, anaulizwa umepima? Mtoto wangu akisema ana homa, anaulizwa umepima? Nilimheshimu kwa msemo huo, nakiri. Sikujua kwamba unamhusu mwenyewe kuliko sisi wote.

Basi nije kwa Mama.

Mama ana presha miaka mingi. Alipewa vidonge, kimoja kila asubuhi, na nesi alimwambia ni vya kudumu. Hilo neno "vya kudumu" lilimkera. Kwa Mama dawa ni kitu unachotumia ukapona ukaacha. Ukiendelea kukitumia maana yake hakifanyi kazi. Nilijua ananung'unika. Kwamba ameacha kabisa sikujua, mpaka maziwa yalipoanza kurudishwa.

Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa, na majirani wawili watatu wananunua kwetu. Asubuhi moja mama wa nyumba ya tatu akaja na chupa yake, amekunja uso. "Paskalina, haya maziwa yananuka mchuzi." Nikaonja. Lo! Ilikuwa kama mtu amekaangia kitunguu ndani. Kesho yake tena, keshokutwa tena. Nikadhani ng'ombe ameingia shambani. Nikaenda bandani, nikakuta kwenye hori majani ya vitunguu swaumu yamekatwakatwa vizuri, na vitunguu vyenyewe vimepondwa vikachanganywa na pumba.

"Mama, nani amempa ng'ombe vitunguu?"

"Mimi." Hata hakugeuka, alikuwa anachambua mboga.

"Kwa nini?"

"Kinaniunguza tumbo nikikitafuna. Nimeona ng'ombe anitafunie. Anakula yeye, dawa inaingia kwenye maziwa, mimi nakunywa."

Nilicheka kwanza. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika nguzo ya banda. Tena akili ya mama yangu ilinifurahisha, maana ukifikiria si ya kijinga: harufu imepita mpaka kwenye maziwa, kwa nini dawa isipite? Halafu nikauliza swali lililofuta kicheko. "Na vidonge?"

"Nimeacha tangu tulipovuna. Maabara si amesema? Walipima, ikashuka."

"Nini kilishuka, Mama?"

"Presha, nini tena? Kwani nini kingine kinachopanda na kushuka?"

Mnaona? Mzee alisema mafuta yameshuka, na Mama akasikia presha imeshuka, kwa kuwa huku kwetu ukisema kimepanda, kimeshuka, ukiwa unaongea habari za mwili, hakuna anayefikiria kitu kingine. Panya walikuwa na presha, wakapewa kitunguu, ikashuka. Hata mimi, niseme kweli, nilikuwa nimesikia hivyo hivyo. Nilikuwa nimeisikia hadithi ile mara mia na sikuwahi kuuliza.

Nilimsihi. Nilimletea kidonge na maji, akakiweka chini ya sahani. Nilimletea kaka yangu kwenye simu kutoka Babati, Mama akamwambia, "Mwanangu, wewe unaishi kwa chipsi, usinifundishe." Mama akikataa jambo, hata paroko hawezi. Majuma mawili baadaye, tukiwa tunakunywa chai, kikombe kikamtoka mkononi. Hakukiangusha, kilimtoka tu, na mkono wa kushoto ukaanguka umelegea. Akanitazama akataka kusema kitu, maneno yakatoka yamevurugika. Haikuchukua muda mrefu, kabla hatujampata mwenye pikipiki mkono ulikuwa umerudi na ulimi umerudi. Lakini niliona. Sitasahau ule mkono, na sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Zahanati nesi alimpima, akamwambia wazi: hili lilikuwa onyo, la pili linaweza lisipite, rudia vidonge leo. Mama akaitikia "ndiyo mwanangu" kwa upole wote, akapokea vidonge, na tulipofika nyumbani akavitia kwenye kopo la majani ya chai akafunga. "Nitaongeza kitunguu," akasema. "Labda kipimo kilikuwa kidogo. Nitamuuliza Maabara."

Sikumwachia nafasi ya kuuliza. Niliruka ua. Mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu, niliruka ua wa watu na kitenge kikachanika. Nikamkuta anasuka vitunguu mafungu mafungu avitundike. Sikumwamkia. Huku kwetu kumpita mzee bila shikamoo ni kama umemtemea mate, naye aliinua kichwa akajua kuna msiba.

"Umeniulia mama," nikamwambia.

Akasimama. "Amekufa?"

"Bado. Lakini ameacha vidonge kwa sababu ya panya wako. Mkono umempooza leo ukarudi. Sasa njoo mwenyewe umwambie, maana mimi hanisikii, nesi hamsikii, anayemsikia duniani ni wewe na hao panya."

Sikuwahi kumwona mtu akinyauka vile. Alikwenda kunawa mikono. Nilitaka kumpigia kelele, mzee, sasa hivi unanawa? Lakini nikamwacha anawe. Alinawa mpaka viwikoni kama kawaida yake, akanifuata, safari hii kwa kuzunguka njiani.

Mama alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda. Mzee akakataa kigoda alichopewa, akakaa chini, kwenye udongo, na suruali yake safi ile. Akamwamkia. Mama akasema marahaba, na kabla hajauliza habari ya kipimo, mzee akaanza.

"Dada yangu, nimekuja kukurekebishia ile hadithi. Nilisema tulipima. Si kweli. Walipima. Mimi sikupima kitu."

"Hukupima?" Mama akakunja uso. "Wewe si ulikuwa maabara?"

"Nilikuwa naosha vizimba. Nilikuwa nawalisha, nabadilisha maranda, nawashika wasihangaike wakati wa sindano. Vipimo walisoma wenyewe, chumba kingine, mlango umefungwa. Siku moja kijana msomi mmoja alitoka amefurahi, akaniambia, mzee, mafuta yameshuka. Hilo ndilo nililosikia. Miaka yote hiyo nimeishi kwa hilo."

"Na presha je?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuuliza, dada. Huenda ilishuka, huenda haikushuka. Sijui. Mimi nilikuwa mtu wa kuosha."

Mimi mwenyewe hasira iliniishia hapo hapo, ikaingia huruma, maana nilijua anachokifanya. Kwa jina hilo la maabara watu walimpa kiti cha mbele msibani. Kwa jina hilo wafanyabiashara wa vitunguu walimwita mtaalamu. Alikuwa anajivua shati mbele ya mwanamke anayemheshimu kuliko wote, tena bila kulazimishwa na mtu, maana mimi nilimtaka aje aseme "meza vidonge" basi. Angeweza kusema hivyo akabaki na utukufu wake.

Kisha Mama akauliza kitu ambacho mimi nisingefikiria. "Na hao panya waliopata nafuu, mliwapeleka wapi?"

Mzee akainamisha kichwa. "Waliuawa wote. Wenye nafuu na wasio na nafuu. Wanapasuliwa, moyo unatazamwa, ini linatazamwa. Ndiyo kazi yenyewe."

"Nani aliua?"

"Hiyo ilikuwa kazi yangu," akasema, na machozi yakamtoka, mzee mzima, yakadondoka kwenye mashavu aliyonyoa vizuri. Nikaelewa habari ya paka, na habari ya kunawa nikaielewa pia, au nilidhani nimeielewa.

Mama hakumbembeleza. Si tabia yake. Alisema tu, "Paskalina, niletee lile kopo la majani." Nikaleta. Akatoa kidonge, akakimeza na maziwa yale yale ya kunuka, akakunja uso. Kisha akamwambia mzee, "Inuka huko chini, utachafua suruali, mkeo atanilaumu mimi." Na ng'ombe tangu siku hiyo anakula majani ya kawaida kama ng'ombe wengine.

Kitunguu hatukukiacha, tusije tukaonekana hatuna shukrani. Ndicho kinachotulisha, kimesomesha watoto wangu, na kwenye mboga hakina mpinzani. Nesi naye alisema kuleni tu, ila kidonge ni kidonge. Bwana Maabara aliendelea kusimulia panya wake, angefanyaje, hiyo ndiyo hadithi aliyonayo. Ila sasa alisimulia vingine. Alisema "walipima," na akifika kwenye presha alisema "hapo mimi sijui." Ajabu ni kwamba watu walizidi kumsikiliza. Wengine walikuja kwa ajili ya hiyo "sijui" yenyewe, maana huku wazee wa kusema hivyo ni wa kutafuta kwa tochi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya mwaka huu, baada ya kupanda. Ilikuwa siku ya kliniki ya presha, na siku hizi yeye ndiye anayemsindikiza Mama. Mimi nilikwenda kwa kuwa nilikuwa na dawa ya mtoto ya kuchukua. Mama akapimwa, nesi akafurahi, imetulia. Kisha nesi akamgeukia mzee. "Shikamoo babu. Na wewe weka mkono."

"Marahaba. Mimi ni msindikizaji tu."

"Umewahi kupima?"

Mimi nikamtazama, Mama akamtazama, benchi zima likamtazama. Mtu wa usiseme umeona kama hukupima! Mama akasema, "Maabara, weka mkono. Leo panya ni wewe."

Watu walicheka, naye akacheka, mpaka nesi akamwambia anyamaze, kicheko kinaharibu kipimo. Akakunja mkono wa shati taratibu. Nesi akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Akasema babu pumzika kidogo. Akapima mkono wa pili. Ilikuwa juu, tena juu kuliko ya Mama siku ile ya kikombe. Punje tatu kila asubuhi, miaka yote ile. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na huyu hata mganga hakuwa.

Nilidhani atabisha, au ataomba kipimo kingine. Aliketi tu na kibahasha cha vidonge alichopewa mkononi, amekuwa mdogo, akaniuliza mimi kwa sauti ya chini kama ni kweli ni vya kudumu. Mama ndiye aliyemjibu. Alimnyang'anya kile kibahasha cha vidonge, akasoma maandishi, akamrudishia. "Kimoja, asubuhi, baada ya uji. Si kabla. Ukisahau usile viwili kesho yake. Na usimpe paka." Mzee akasema, "Ndiyo, dada," mara nne, moja kwa kila agizo.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Mama akishakunywa uji anatoka nje anashika ua, anapaza sauti mpaka kijiji chote kinasikia: "Maabara! Umemeza?" Na sisi majirani, tuliokwenda kisimani na tulioinama shambani, tunasimama kusikia jibu. Siku za mwanzo lilichelewa, na Mama aliuliza mara tatu, mara ya tatu akiwa tayari amelishika lango.

Leo asubuhi Mama alikuwa bado anapoza uji wake. Sauti ikatoka ng'ambo ya ua, nzito, ya mtu aliyesimama wima: "Shikamoo, dada! Nimemeza. Na wewe?"